Mnada wa Meno ya Chini

Mume wangu ni dalali wa mnada, na watu wanamwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Nimeishi na radi hiyo zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo naomba mtu asinifundishe habari zake. Ni mwanamume anayeweza kumuuzia friji bovu mtu aliyekuja kutafuta baiskeli, na mtu huyo akaondoka akishukuru. Lakini kupiga mswaki kabla ya kulala kulimshinda. Nilimwambia mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba meno ni mali yake, na mjuzi wa thamani ya mali ni yeye. Yakaanza kutikisika, yakang'olewa moja moja, mwisho mawili mawili, na mjuzi wa thamani akawa kibogoyo.

Akatengenezewa meno ya plastiki, safu ya juu na safu ya chini. Ya juu yalimkaa vizuri tu. Ya chini yalikuwa balaa. Yalipanda yakashuka juu ya ulimi, yakagongana na ya juu, na kila alipofungua kinywa sawasawa yalitaka kutoka kabla ya neno. Alinunua gundi ya kuyashikiza, akaipaka kama fundi anayebandika vigae, na bado hayakushika.

Siku yalipomwaibisha, kwenye yadi ya mnada palikuwa panauzwa samani za ofisi iliyofilisika. Radi alikuwa juu ya kijukwaa, amefika bei nzuri ya meza kubwa ya mkurugenzi, akavuta pumzi na kunguruma, "Mara ya tatu!" Meno ya chini yakaruka, yakatua ndani ya droo iliyokuwa wazi ya meza hiyo hiyo. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka katikati, "Dalali, meza na meno yake bei gani?" Yadi nzima ikavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, nisijifanye mtakatifu. Nilichekea kwenye mtandio.

Mwenye yadi hakucheka. Alimpa kipaza sauti kijana mmoja anayetaja bei kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa, akamwambia Radi, "Pumzika kwanza, mzee. Mdomo ukitengemaa utarudi. Ila mwaka ukiisha hujarudi, kijana ndiye atakayebaki." Basi. Miaka yote ile, halafu pumzika mzee.

Radi akaja nyumbani akanyamaza. Mwanamume niliyekuwa nikimwomba Mungu amnyamazishe japo kwa saa moja, alinyamaza kweli. Alikula peke yake jikoni, uso ukutani. Wageni wakibisha hodi, alijitia kulala. Akitaka chumvi, alinyoosha kidole. Nikaanza kuwasha redio ambayo hata siisikilizi, kwa sababu nyumba ile bila makelele yake ilikuwa inanitisha. Nasema wazi: nilimkumbuka, na alikuwa amekaa pale pale.

Ndipo akasikia habari za meno ya skrubu. Unatobolewa mfupa wa taya, unapandikizwa skrubu za madini, mfupa unazishika, halafu meno yanafungwa juu yake na hayaendi popote. Tukaenda kwenye kliniki moja yenye sakafu ya marumaru na tangi la samaki. Ukutani palikuwa na picha ya wazee wawili wanacheka wameshika tufaha, na meno yao yalikuwa meupe kuliko kuta. Nikajua hapo hapo kwamba ni sisi tutakaowalipia wale samaki chakula.

Daktari alimchungulia Radi kinywani kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Inawezekana kabisa," akatutuma kwa mshauri wa malipo. Nilidhani mshauri atatushauri. Kumbe ni binti mwenye kucha ndefu na kikokotoo.

"Safu zote mbili, za kudumu," alisema, "ni milioni thelathini na mbili. Hiyo ni kuanzia."

"Kuanzia?" niliuliza. "Na kuishia je?"

"Inategemea na mfupa, mama. Mfupa ukiwa umepungua tunaongeza mfupa, nao una bei yake. Kuna picha ya taya, kuna meno ya muda. Lakini tuna njia nyingi za kulipa. Unaweza kutoa nusu sasa, nusu kwa awamu. Au mkopo. Ofisi ya mkopo ni ule mlango wa pili, wanakubali hati ya nyumba."

"Mlango wa pili!" nilisema. "Mtu hata viatu havichakai."

Hakunisikiliza. Alimwinamia Radi, akamwekea mkono kwenye mkono. "Baba, usiangalie bei. Angalia thamani."

Nyinyi, hayo maneno ni ya mume wangu! Amewaambia watu maneno hayo hayo maisha yake yote, juu ya majiko mabovu na magodoro yaliyolaliwa na wagonjwa. Nilimgeukia nikitegemea tutacheka pamoja. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, macho yamelegea, kama mtu anayesikia hekima kwa mara ya kwanza. Nilimdharau pale kwenye kiti.

Nikapiga simu bima. Tunawalipa kila mwaka na hatujawahi kuwaomba hata panadoli. Kijana wa bima akaniambia kung'oa wanalipia, kupandikiza hawalipii, kwa kuwa kupandikiza ni urembo. Nikamuuliza kama yeye anapotafuna nyama huwa anajiremba. Akasema simu hii inarekodiwa. Nikamwambia vizuri, basi asogeze kinasa karibu, kisha nikamwambia mengine.

Jioni Radi alizungumza, jambo la nadra siku hizo, mkono umeshika kidevu ili meno yasitoke. "Hati ya nyumba ipo tu kabatini," alisema. "Haina kazi."

"Ina kazi," nilimwambia. "Inatufunika mvua. Wakishachukua nyumba, hayo meno utatafunia wapi? Barabarani?" Hati yenyewe haikuwa kabatini. Nilikuwa nimeihamisha tangu tulipotoka kliniki, kwa sababu namjua mtu wangu.

Nikamwambia aite ndugu, aombe mchango kama binadamu wengine. Alikataa. Mume wangu hajui kuomba, anajua kuuza. Halafu kwa mara ya kwanza tangu aaibike nikaona jicho lake limechangamka. Akasema atawaita, lakini hataomba. Atawapigia mnada.

"Unauza nini?" niliuliza.

"Jina. Atakayetoa nyingi ndiye atakayeitwa mtu aliyemrudishia Radi sauti. Wengine wataona haya, nao watatoa." Halafu akanitazama kwa namna ninayoijua. "Na wewe utanipandishia."

Hapa inabidi nieleze. Mnada wowote wenye afya una mtu anayesimama katikati ya watu akijifanya mnunuzi, na kazi yake ni kupandisha bei wanunuzi wa kweli wanaposinzia. Zamani mtu huyo nilikuwa mimi. Ninataja bei, mjinga mmoja anaongeza, ninataja nyingine, anaongeza tena, mpaka Radi avue kofia. Akivua kofia, mimi naacha na mjinga anabaki na mzigo wake. Sioni haya hata kidogo. Wale walikuwa watu wazima, na mikono waliinua wenyewe.

"Usinitie kwenye mtego," nilimwambia. Nilikuwa na milioni sita kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mimi nashona sare za shule, na hizo zilikuwa za kununulia cherehani ya pili, ya umeme, nilizoweka kidogo kidogo mpaka vidole vikaota sugu.

"Nitavua kofia mapema," alisema. "Hofu ya nini? Lini nimewahi kukosea?"

Wakaja Jumapili mchana. Alikuja mwanangu wa pekee, Meneja. Ni meneja kweli, wa duka la simu lenye mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi mwenyewe ni shemeji yake. Ukimsikia anavyosema "timu yangu" utadhani ana kikosi cha mpira. Aliandamana na baba mkwe wake, mfanyabiashara wa mbao, ambaye Meneja alikuwa anamnyemelea ampe mtaji. Ndiyo maana alikuja na viatu vya kung'aa. Alikuja pia mdogo wake Radi, mtu wa dini sana pale inapohusu kutoa pesa.

Radi alisimama mbele ya meza ya sebuleni, kofia kichwani, mkono mmoja kidevuni. "Mnaiona hali yangu," alisema. "Sitaki huruma. Nataka bei. Naanza na laki tano."

"Mimi, kaka, naahidi maombi," alisema shemeji yangu. "Asubuhi na jioni."

"Maombi yamepokelewa. Nani anaongeza?"

Meneja akakohoa, akamtupia jicho mkwewe. "Laki saba."

"Milioni moja," nilisema.

Meneja akanigeukia kwa mshangao. Hakujua kama mama yake ana milioni, na mtoto wa namna hiyo akijua mama ana milioni humpenda ghafla. Lakini mkwe alikuwa anatazama. "Milioni mbili," alisema Meneja.

"Mbili na nusu."

"Tatu!"

Nikamwona mume wangu anabadilika. Mgongo ulinyooka. Mkono uliondoka kidevuni ukaanza kukata hewa, kidole kikaruka kutoka kwangu kwenda kwa Meneja na kurudi. Meno ya chini yalikuwa yanagongagonga kama vikombe kwenye sinia, na yeye hana habari. "Tatu kwa kijana! Mama amelala? Baba wa watu anadhoofika hapa! Tatu na nusu! Nani ananipa nne?" Hata shemeji alisogea mbele kwenye kiti. Niseme ukweli, damu yangu nayo ilichemka. Nilikuwa msichana tena, nimesimama juani, namwibia mtu pesa zake kwa adabu.

"Nne," nilisema.

"Tano!" alisema Meneja, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

Milioni tano kutoka kwa mwanangu! Nikaitazama kofia. Kofia iko pale pale. Nikaelewa kwamba Radi anaona kijana bado ana pumzi, anataka nimsukume mara moja zaidi. Nikasukuma.

"Sita."

Meneja akamgeukia mkwewe ili aone kama fahari yake inaonekana. Mzee wa mbao alikuwa amelala fofofo, kichwa nyuma, kinywa wazi, na meno yake yote ya kuzaliwa nayo yanaonekana. Sijui alilala tangu bei gani. Meneja akafunga mdomo wake kama mkoba.

Sasa hapo dalali mwenye akili angekohoa, angeomba maji, angesema mnada umeahirishwa. Mume wangu alikuwa amelewa kazi. "Sita mara ya kwanza!" alinguruma. Nikamtolea macho. "Sita mara ya pili!" Nikakohoa mpaka kifua kikauma. Nikashika kichwa changu mwenyewe, mahali ambapo kofia ingekuwa. "Mara ya tatu!" Kofi likashuka mezani. "Imekwenda!"

Akabaki ameinama, kiganja kiko mezani, ananitazama. Alikuwa amemuuzia mpandishaji wake mwenyewe.

Nikajikaza. "Haya," nilimwambia Meneja, "na ile tano yako?"

"Tano ipi, mama?"

"Uliyoisema sasa hivi. Hata haijapoa."

"Mama, si ilikuwa mnada?" Alikuwa ameshapata nguvu, ananyoosha suruali. "Mnadani analipa aliyeshinda. Aliyeshindwa anarudi nyumbani na pesa yake. Si mzee mwenyewe aliyetufundisha? Hongera, mama. Umeshinda." Akapiga makofi. Anapiga makofi!

"Meno ya mbwa hayaumani," shemeji yangu alisema kwa upole. "Sisi ni ndugu. Tusigombane."

"Mbwa angalau ana meno," nilimwambia.

Nilimtazama mwanangu, nikakumbuka uchungu wa kumzaa, nikaona ulikuwa ghali. Mkwe wake akaamka akauliza kama chai bado. Wakanywa chai yangu yote wakaondoka, na Meneja alivyo mtoto mwema aliacha kwa baba yake dawa ya meno moja, ya promosheni.

Walipotoka Radi alikaa chini, akaitoa ile kofia na kuiweka magotini. "Nimesahau," alisema. "Nilisahau kabisa kuivua. Nilikuwa najisikia vizuri."

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Hulipi," alisema. "Mpandishaji halipi. Tunafuta."

"Umewahi kufuta?"

Akaigeuza kofia magotini. Mume wangu ana dhambi nyingi na nyingine nimezishiriki, lakini meza ikishapigwa, imepigwa. Aliwahi kuuza pikipiki yake mwenyewe kwa bei ya kutupa kwa sababu mtu mmoja tu alijitokeza, na hakurudi nyuma. Ndiyo sheria pekee anayoiheshimu, ukiacha ya kulipa kodi, ambayo haiheshimu.

"Basi nimenunua," nilimwambia. "Na mali iliyonunuliwa ni ya mnunuzi. Mimi ndiye nitakayeamua ni meno gani, na yatawekwa wapi. Wewe ni mzigo. Mzigo hauchagui lori."

Cherehani yangu nikaiaga. Niliilia kidogo, bafuni, bomba likiwa wazi, maana sitaki mtu aniulize. Halafu nikaenda kwenye hospitali ya chuo, kule wanakosomea udaktari wa meno. Hakuna marumaru. Kuna benchi refu la mbao, rangi inabanduka ukutani, na wanafunzi wanapita mbio wakiwa na makoti yaliyowazidi mabega. Niliuliza dirishani, nikaambiwa nimlete mgonjwa.

Mwalimu wao ni mwanamke mnene mwenye haraka. Alimlaza Radi kwenye kiti, akampapasa taya kwa kidole gumba, akampeleka kupigwa picha, akarudi na maswali.

"Ya juu yanakusumbua?"

"Hapana," alisema Radi.

"Sasa kwa nini ulipie ya juu?"

Radi akanitazama. Nikatazama dari.

Mwalimu akaeleza. Meno ya juu hujishika yenyewe kwenye kaakaa, ndiyo maana hayamsumbui. Shida ni ya chini. Zinatosha skrubu mbili tu mbele ya taya, halafu yale meno ya plastiki yanatengenezwa upya kwa chini na kuwekewa vifuniko vinavyozibana. Ukiyakandamiza yanaingia, hayaruki. Usiku unayatoa, unayasafisha. Kupandikiza kutafanywa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, naye amesimama juu yao. Gharama, pamoja na picha, haikufika milioni nne, na nusu yake ningelipa baadaye meno yakiwa tayari, kwa sababu mfupa wenyewe unataka miezi kadhaa kushika. Riba hakuna. Nilimuuliza mara mbili kama riba hakuna, akachoka na mimi.

"Mimi nichokonolewe na watoto?" Radi alininong'oneza. "Kule walisema ya kudumu. Safu mbili."

"Kule walisema kuanzia."

"Watu wataniuliza nilitengeneza wapi."

"Waambie mnunuzi alikuwa bahili."

Akalazwa, akachomwa ganzi, akatobolewa. Yule mtu anayemnyamazisha kila mtu yadini alinishika kidole cha mwisho muda wote kama mtoto anayevuka barabara. Halafu tukarudi nyumbani kusubiri. Miezi ile nilimpondea kila alichokula, na kila usiku nilisimama mlangoni mwa bafu mpaka asafishe kinywa, mikono kiunoni. Meneja alisikia kwamba kuna milioni mbili na kitu zitakazobaki kwenye kikundi. Akaja kuzikopa. Sitaandika nilichomwambia, ila hakumaliza chai.

Siku ya meno, mwalimu aliyaweka, akamwambia aume. Yakaingia, tak. Akamwambia aseme chochote. Radi alijaribu kwa ulimi kwanza, anasukuma huku, anasukuma kule. Hayakwenda popote. Macho yakamjaa maji, nikageuka nikasoma tangazo la kunawa mikono.

Mwaka ulikuwa haujaisha. Mwenye yadi alimpa mnada mmoja wa kumjaribu, vyombo vya hoteli iliyofungwa: vitanda, majiko, viti vingi. Watu walijaa, wengine kwa ajili ya majiko, wengi kwa ajili ya kuona kama meno yatatoka tena. Mwanangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na mkwewe, kwa sababu mkwe alitaka vitanda. Mimi nilikuwa na sare za kumalizia, nikachelewa, nikakosa pa kusimama isipokuwa nyuma kabisa, getini.

Radi alipanda. Kijana akampa kipaza sauti, akakikataa kwa mkono. Na kabla hajaanza, kukatokea mtu wa kupiga kelele, kama siku ile, "Radi! Leo umeyafunga kamba?"

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akafungua kinywa mpaka mwisho, akageuka kulia na kushoto ili kila mtu aone.

"Haya!" alisema. "Haya meno mnayoyaona hayajafungwa kamba! Yamefungwa ndani ya mfupa! Mamilioni! Kliniki ya marumaru, kwenye samaki! Na aliyenilipia yule pale, mwanangu, Meneja! Simama, baba, wakuone!"

Na Meneja akasimama. Akapunga mkono. Mkwewe akamshika bega, kwa mara ya kwanza nadhani akiwa macho, na watu wakampigia makofi kwa jina nililolinunua mimi.

Nilimdharau mume wangu pale kwa moyo wangu wote, yeye na uzao wake na kofia yake. Nilikuwa nyuma kabisa, getini, magari yanapita mgongoni kwangu, na nilisikia kila neno.